Matembezi ya magendo London: yanafaa, ila simama karibu na mwongozaji

Ukikaa Uingereza utawasikia watu wazima wakimwita mtu "spiv". Ni yule mjanja wa mjini wa enzi za Vita ya Pili: suti ya mabega mapana, tai ya rangi kali, sharubu nyembamba, anakuuzia bidhaa adimu na usimuulize imetoka wapi. Haya matembezi ya miguu yanawahusu hao. Nililipa paundi 15.

Tulianzia Warren Street, mtaa uliokuwa na madalali wa magari yaliyotumika. Hapa ndipo mwongozaji alinikamata kwa habari ya petroli. Mwaka 1948, petroli ikiwa bado ya mgawo, serikali iliamuru petroli ya magari ya biashara itiwe rangi nyekundu, ili ikikutwa kwenye gari la mtu binafsi, mwenyewe aumbuke. Wajanja wakawa wanaichuja kwa vichujio vya barakoa za gesi walizogawiwa wakati wa vita!

Kisha akafungua sanduku lake na kututolea kitabu cha mgawo. Nilikishika: karatasi duni, vikuponi vingine vimekatwa, vingine vimegongwa mhuri. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 na nyama haikuachiwa hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Bibi mmoja Mwingereza kundini akasema, bila haya, kwamba mama yake alikuwa na "mtu wake" wa soksi za nailoni, na mama huyo kanisani hakosi. Aliyeishi Tanzania ya foleni za duka la ushirika na sukari ya mlango wa nyuma haelezwi mara mbili.

Kilichoniudhi ni mzaha kuzidi. Stanley Setty, dalali wa magari wa hapohapo Warren Street, alitoweka Oktoba 1949, na kiwiliwili chake kikaokotwa kwenye vinamasi vya Essex baada ya kutupwa kutoka kwenye ndege. Kisa hicho kilisimuliwa kama kichekesho, watu wanajipiga picha. Jamani, mtu aliuawa.

Tulimalizia sokoni Berwick Street, Soho, na kwa kelele za pale nusu ya maelezo ilinipita. Natoa nyota nne. Nendeni siku ya kazi asubuhi, na watoto wadogo waacheni nyumbani.