Kikokotoo cha umbali wa ndege, kwa msafiri wa Lubumbashi

Kikokotoo cha mtandaoni kinachopima umbali kati ya viwanja viwili vya ndege kimekuwa chombo cha kawaida kwa sisi wa Lubumbashi tunaosafiri mara kwa mara, na katika kazi yake ya msingi sina la kulalamikia. Ukiandika FBM, alama ya Luano, uwanja wetu, kisha FIH, alama ya N'djili, uwanja wa Kinshasa, kinakupa papo hapo takriban kilomita 1,550, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, wala si urefu wa barabara. Anayedhani vinginevyo awaulize waliokwenda Kinshasa kwa treni hadi Ilebo, kisha kwa boti.

Utata unaanzia kwenye saa. Kikokotoo hugawa umbali huo kwa mwendo wa jeti, kama kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na jibu lake la saa mbili na dakika 25 hivi halipishani sana na hali halisi angani. Lakini hakisemi kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, ingawa nchi ni moja. Ndege ikiondoka Luano saa 4:00 asubuhi itatua N'djili saa 5:25 kwa saa za huko. Ikiondoka N'djili saa 4:00, abiria watashuka Luano saa 7:25 mchana. Mgeni asiyelijua hilo ataamini kwamba ndege ya kurudi ni ya polepole, au atamweka ndugu anayempokea uwanjani kwa saa nzima bure.

Muda wa ardhini nao hauhesabiwi: foleni ya kulipia go-pass (ada ya uwanja wa ndege), kusubiri mizigo, kisha msongamano wa magari wa Boulevard Lumumba. Si haki kukilaumu kwa hayo, ila mwenye kikao Gombe, katikati ya Kinshasa, mchana wa siku hiyohiyo asikitegemee.

Kasoro kubwa zaidi huonekana katika safari ndefu. Kati ya Lubumbashi na Brussels kinaonyesha kilomita 7,300 hivi na muda usiofika saa kumi, kana kwamba ndege inaunganisha miji hiyo moja kwa moja. Anayepitia Addis Ababa husafiri karibu kilomita 2,600 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha nyingine 5,600 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, jumla takriban 8,200, mbali na saa za kusubiri ndege ya pili. Toleo nililolitumia halina nafasi ya kuweka kituo cha katikati, hivyo inabidi upime kila kipande peke yake na kujumlisha mwenyewe kwenye karatasi. Tena, majira ya joto ya Ulaya saa za Brussels huwa sawa na zetu, na majira ya baridi hurudi nyuma kwa saa moja, lakini kikokotoo hakiulizi hata tarehe ya safari.