Feni ya mnara kwenye joto la Tanga: uzoefu wangu na DeepCool AK400

Mwenye haraka nampa jibu kwanza. Kama unafanya kazi nzito kwenye kompyuta ya mezani hapa Tanga na chumba chako hakina eisii, toa ile feni fupi iliyokuja na prosesa (ubongo wa kompyuta), weka feni ya mnara, yaani kipozeo kirefu chenye mabomba ya shaba na feni kubwa. Mimi nimefunga DeepCool AK400 juu ya prosesa yangu, Ryzen 5 3600. Kazi iliyokuwa ikigonga digrii 95 sasa inatulia kwenye 75, chumba kikiwa na joto lile lile. Anayetaka kujua kwa nini, na nini cha kuangalia kabla hajatoa hela, aendelee kusoma.

Nahariri video za harusi, Ngamiani. Mfunguo Mosi ukiingia, harusi zinafuatana kama zilikuwa zimezuiwa mlangoni, na kila familia inataka video yake mapema ili shangazi wa Pemba na ndugu wa Muscat nao waone. Video ya harusi nzima ikiwekwa kurenda, yaani kompyuta ikitengeneza faili la mwisho la video, viini vyote sita vya prosesa vinafanya kazi bila kupumzika, saa nzima na zaidi. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoonyesha kama kipozeo kinatosha. Kuandika barua, kuangalia filamu, hata michezo mingi, havikupi jibu, maana prosesa inapata nafasi ya kuvuta pumzi katikati.

Dalili zilikuwa wazi. Renda inaanza kwa kasi, baada ya dakika chache feni inapiga kelele hadi chumba cha pili wanasikia, halafu muda uliobaki kwenye skrini unaanza kuongezeka badala ya kupungua. Nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto la kompyuta, nione. Ryzen 5 3600 imewekewa kikomo cha digrii 95. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, na hali ikizidi kabisa mashine inajizima. Kwa hiyo tuelewane hapa: joto halikuunguzi prosesa kesho asubuhi. Linakula muda wako, na muda wa mtu anayesubiriwa na wateja ni pesa. Zaidi ya hapo, joto linalotoka kwenye prosesa linabaki ndani ya kesi likichemsha mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) na vifaa vingine, na si vyote vyenye kinga kama hiyo.

Nilimpelekea fundi kijana wa mtaani kwetu. Akaifungua, akaifuta feni, akaigeuza mkononi.

"Dada, feni yako nzima kabisa. Ila tazama, hii ni alumini tupu, haina bomba hata moja. Imezidiwa na kazi yako."

"Sasa nikiipaka pesti mpya, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na feni, je?"

"Itashuka kidogo. Hutaridhika, dada."

Tukapaka kwanza, na ikawa kama alivyosema: ikashuka digrii chache, na renda ndefu ikairudisha kule kule. Ndipo nikaagiza AK400 kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi, nikaichukua stendi ya Kange.

Tofauti ya feni hizi mbili iko kwenye mabomba. AK400 ina mabomba manne ya shaba, na ndani ya kila bomba mna kimiminika kidogo. Upande unaogusa prosesa ukipata joto, kimiminika kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi ya alumini (vibati vyembamba vilivyopangwa), unapoa, unarudi kuwa maji, na kuta za ndani za bomba zinayanyonya maji hayo kuyarudisha yalikotoka. Kwa sababu yananyonywa, mabomba yanafanya kazi hata yakiwa yamelala, kama yalivyo ndani ya kesi iliyosimama. Feni ya milimita 120 inapuliza hewa katikati ya mapezi na joto linatoka. Feni kubwa haihitaji kuzunguka kwa fujo ili isukume hewa nyingi, kwa hiyo kelele nazo zimepungua sana. Sasa naweza kurekodi sauti ya utangulizi huku mashine inarenda, jambo ambalo zamani lilikuwa haliwezekani.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka watu wa pwani walishike kuliko yote. Ukisoma vipimo vya Ulaya au Marekani utaona feni kama hii inaipa prosesa kama hii digrii sitini na kitu. Wengi wanaopima kule wako kwenye chumba cha digrii 20 hadi 23. Kwangu, Februari saa nane mchana, kipimajoto cha ukutani kinasoma 31, siku nyingine 32. Feni inapoza kwa hewa ya chumba, haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo, na chumba kikipanda digrii 10 prosesa nayo inapanda karibu 10. Ndiyo maana namba ya skrini peke yake haina maana. Chukua joto la prosesa, toa joto la chumba, hiyo ndiyo namba ya kulinganisha. Mimi napata 75 toa 31, sawa na 44. Kusi lilipoanza kuvuma na chumba kikashuka hadi 26, renda ya aina ile ile ikatulia kwenye 70. Bado ni 44. Feni ni ile ile, kilichobadilika ni majira. Anayepata 68 kwenye chumba cha digrii 22 ana 46, kwa hiyo hajanizidi kitu.

Na upime wakati wa kazi, baada ya nusu saa hivi, kwenye mstari wa HWiNFO ulioandikwa Tctl/Tdie, ndilo joto la prosesa. Wanaotazama joto mashine ikiwa imekaa tu wanajitia hofu bure. Prosesa za Ryzen 3000 zina tabia ya kuruka kutoka 42 hadi 55 kwa sababu tu umefungua faili, kisha zinarudi. Hiyo si hitilafu. Kwangu kilicho muhimu ni kwamba kasi inashikilia karibu gigahezi 3.9 tangu mwanzo wa renda hadi mwisho, wakati zamani ilikuwa inateremka hadi 3.6.

Kufunga si kazi ngumu, lakini kuna mahali pa kuwa mwangalifu, hasa kwa wenye AM4, aina ya soketi inayotumiwa na prosesa kama yangu. Kabla ya kung'oa feni ya zamani, washa mashine ifanye kazi kidogo ili pesti ilainike, halafu zima, chomoa waya, fungua skrubu, na uizungushe feni kushoto na kulia taratibu mpaka iachie. Usiivute juu moja kwa moja. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi ikiwa imeng'ang'ania feni, pini zikapinda. Jambo la pili: laza kesi kwa ubavu. Ukifungua zile skrubu nne kesi ikiwa imesimama, kibao cha chuma cha nyuma ya mazabodi kinadondoka, na utahitaji mtu wa kukishikilia. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kaza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Nimetumia Arctic MX-4, ambayo haina chembe za metali, kwa hiyo hata ikichuruzika pembeni haileti shoti. Kazi ya pesti ni kujaza mianya midogo sana iliyopo kati ya vyuma viwili, ambayo vinginevyo ingejaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ukipaka tabaka nene kama siagi kwenye mkate, pesti yenyewe inageuka kizuizi.

Mnara bila hewa ya kupita ndani ya kesi ni nusu kazi. Mimi nina feni moja mbele inayovuta na moja nyuma inayotoa, zote zikielekea upande mmoja na ile ya prosesa. Wapo wanaoacha kesi wazi chini ya pangaboi, au wanaielekezea feni ya mezani. Joto linashuka, sikatai. Lakini huku kwetu hewa ya bahari ina unyevu na chumvi; kila mwenye nyumba karibu na Raskazone anajua nondo za madirisha zinavyoliwa na kutu. Hewa hiyo sitaki niipulize moja kwa moja kwenye mazabodi, ikiwa na vumbi la barabarani juu yake. Funga kesi, weka wavu mbele, na usafishe mapezi kwa blowa kila vumbi linapoonekana. Unapopuliza, shikilia mapanga ya feni yasizunguke.

Kuna walioniuliza kwa nini sikuchukua kipozeo cha maji. Kwa prosesa ya wati 65 sioni sababu. Ya maji ina pampu, na pampu ni kifaa cha ziada kinachoweza kufa. Ikifa ghafla siku ya kazi, Tanga hutaipata dukani jioni ile. Feni ya mnara ikifa, unafunga nyingine yoyote ya milimita 120 na maisha yanaendelea. Mwenye prosesa ya wati 170 ana hesabu zake.

Kama hela ya feni haipo mwezi huu, ingia kwenye bayosi (ukurasa wa mipangilio unaofunguka mashine inapowaka) utafute Eco Mode, hali ya kupunguza umeme. Mazabodi nyingi za AM4 zinayo, na inaishusha prosesa ya wati 65 hadi daraja la wati 45. Kasi inapungua kidogo, joto linapungua sana. Niliitumia nikisubiri mzigo kutoka Dar na wateja hawakujua tofauti.

Wenye kompyuta nyembamba za ofisini zilizotumika, hizi Dell OptiPlex na HP zinazouzwa sana mjini, wasikimbilie AK400. Mnara una urefu wa milimita 155, kifuniko hakitafunga, na mashine nyingi za aina hiyo zina tundu za skrubu na soketi ya feni za kiwandani kwao wenyewe. Kwa hizo, pesti mpya na usafi wa mapezi ndiyo tiba ya kwanza. Hata mwenye kesi ya kawaida achukue rula apime kutoka usawa wa prosesa hadi kwenye kifuniko kabla ya kuagiza.

Na ukiituma kompyuta kwa basi, ing'oe feni hii uifungashe peke yake. Ina uzito wa zaidi ya nusu kilo, inaning'inia kwenye mazabodi, na matuta ya kutoka Tanga hadi Dar ni mengi.