Ulingo Mfupi wa Kuotea Ayala: Wa Kununua na wa Kujitengenezea

Mwezi Septemba mwaka juzi nilinunua ulingo mfupi wa mbao kutoka karakana moja ndogo ya mashariki mwa Uingereza, na tangu wakati huo nimeukalia misimu miwili katika shamba lenye misonobari na mihazeli karibu na Thetford, mpakani mwa Norfolk na Suffolk, ambako mwenye shamba amenipa ruhusa ya kupunguza ayala wanaomaliza miche yake. Msomaji aliyezoea paa na kulungu wa kwetu atamtambua ayala kwa umbo, ingawa madume mengi ya ayala huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Nchi hii haina tena mbwamwitu wala mnyama mwingine mkubwa wa kuwawinda, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwa binadamu, na anayeifanya ana wajibu wa kuifanya vizuri.

Nauita ulingo kwa sababu ndilo jina lake hasa. Sisi tuliokulia mashambani Muheza tunalijua dungu, lile jukwaa la miti ambalo baba alilipanda kulinda mahindi, mchana dhidi ya ngedere na usiku dhidi ya nguruwe. Kule mlinzi hupiga kelele ili mnyama akimbie. Huku hukaa kimya ili mnyama aje. Kwa hiyo kigezo changu katika tathmini hii ni kimoja: mtu anaweza kuukalia ulingo huu saa mbili bila kutikisika, kisha akaegemeza bunduki bila kujipinda?

Wengi huku hutumia ulingo mrefu wa mita tatu au nne, na kwenye msitu wa miti mikubwa nakubali kuwa ni bora. Shambani kwetu, hata hivyo, mnyama anayetusumbua zaidi ni muntijaki, ayala mdogo mwenye asili ya China aliyeletwa Woburn, katika Bedfordshire, mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye leo amesambaa sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza. Urefu wake begani ni takriban nusu mita tu, na jike huweza kushika mimba tena siku chache baada ya kuzaa, mwaka mzima, ndiyo maana sheria haikumwekea majira ya kukatazwa kuwindwa kama ilivyomwekea roe, ayala mwingine mdogo wa huku, ambaye dume lake huwindwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba na jike kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Ukikaa chini kabisa, muntijaki hupita ndani ya makangaga na miiba ya blakiberi usimwone hata sikio. Ukiinuka mita moja na robo tu, macho yako yanakuwa zaidi ya mita mbili kutoka ardhini, na vijia vyake vyote vinaonekana kwa juu. Tena ulingo wa kimo hicho hubebwa na mtu mmoja au wawili, hugharimu kidogo, na anayeanguka kutoka juu yake ana nafasi kubwa ya kuinuka mwenyewe.

Niliulipia pauni 110. Ulikuja ukiwa umekunjwa: fremu mbili za ubavuni, sakafu, ubao wa kukalia, egemeo la bunduki, ngazi ya vipandio vitatu, na mfuko wa bolti na nati zilizopakwa zinki. Niliuunga kwa muda usiozidi saa moja kwa spana na keekee. Mbao ni za lachi, ambayo hustahimili mvua kuliko msonobari wa kawaida, na ncha zote zilizokatwa zilikuwa zimepakwa dawa, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ilhali maji huingia mwilini mwa mbao kupitia hapo hapo. Miguu haikuyumba siku ya kwanza na haijayumba mpaka leo. Kwa useremala peke yake, aliyeutengeneza anastahili sifa.

Tatizo ni kwamba aliyeutengeneza, kwa maoni yangu, hakuwahi kuukalia akiwa na bunduki mkononi. Egemeo lilikuwa limepigiliwa kwa misumari sentimita 30 juu ya ubao wa kukalia. Mtu mzima akikaa wima, bega lake huwa karibu mara mbili ya kimo hicho, kwa hiyo ili kitako cha bunduki kifike begani huku mtutu ukiwa juu ya egemeo, ilinibidi niiname mpaka mbavu zikabana. Jioni moja ya Oktoba dume la roe lilitoka kwenye mihazeli umbali wa hatua kama 70, likasimama ubavu, likaanza kung'ata majani ya blakiberi moja moja, likichagua yale mabichi. Lilikuwa na pembe zenye ncha tatu kila upande, na nyuma yake kulikuwa na ukingo wa udongo ulioifanya risasi iwe salama kabisa. Niliinama, egemeo likanibana, alama ya darubini ikawa inapanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilipojaribu kusogea ili nitulie, ubao ukalia kwi chini yangu, dume likainua kichwa, likanitazama, likaondoka. Sikupiga, na nisingepiga, maana risasi inayotikisika humvunja mnyama mguu au taya na kumwacha afe taratibu vichakani. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa, upepo, muda na mahali, kisha kipande kimoja cha mbao kilichowekwa vibaya kikaharibu yote.

Nililing'oa egemeo kesho yake, nikalipandisha hadi sentimita 47 na kulifunga kwa bolti, nikiwa nimetoboa matundu matatu kila nguzo ili mtu mrefu au mfupi kuliko mimi aweze kulihamisha. Juu yake nikavisha bomba la povu la kufunikia mabomba ya maji, nikalizungushia gunia. Kazi ya nusu saa iliubadilisha ulingo mzima.

Ubao wa kukalia nao una upana wa sentimita 22, na mapaja hufa ganzi baada ya dakika 40. Nimeweka wa sentimita 35 na kuuinamisha kidogo kwa nyuma. Mlio ulitokana na mbao za sakafu zilizopigwa misumari badala ya skrubu, nami niliunyamazisha kwa skrubu na kipande cha zulia kuukuu. Vipandio huota ukungu wa kijani ifikapo Novemba na kuteleza kama sabuni, ila wavu wa banda la kuku uliobanwa juu yake humaliza tatizo hilo.

Baada ya kurekebisha mambo hayo yote nilijiuliza kwa nini nisingejenga wangu tangu mwanzo, na masika yaliyofuata nikajenga. Gharama ilikuwa pauni 31, nyingi zikiwa za bolti na mkanda wa kukazia mizigo. Miguu ni ya miti ya chesnati yenye unene wa sentimita nane, iliyokatwa shambani hapo hapo kwa idhini ya mwenyewe. Sakafu na pande zinatokana na paleti mbili. Anayetumia paleti na atazame mhuri uliopigwa ubavuni: zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto na hazina shida, lakini zenye MB zimefukizwa kwa gesi ya sumu na si za kugusa. Mbao za paleti ni kavu na hupasuka nchani ukizipiga msumari ovyo, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee, kisha ingiza skrubu. Chini ya kila mguu nimeweka kigae cha saruji ili mti usinywe maji ya ardhini. Ulingo huu si mzuri kwa macho kama ule wa dukani, lakini ulikatwa kwa vipimo vya mwili wangu, na ndio ninaoukalia mara nyingi zaidi.

Katika kujificha ndiko nilikopoteza fedha bure. Pamoja na ulingo nilinunua wavu wa madoadoa ya kijani kwa pauni 18, ambao upepo ukivuma hupepea kama bendera, na kishikio cha bunduki hunaswa humo kila mara. Ayala haoni rangi kama sisi, rangi ya machungwa na nyekundu kwake ni hafifu, lakini kinachotikisika hukiona mara moja. Nimeutoa wavu huo na kuweka magunia ya juti kutoka sakafuni hadi usawa wa egemeo, nikasuka fito za mihazeli mbele yake. Juu ya egemeo pabaki wazi. Linalokuficha zaidi ni giza la nyuma yako, yaani shina na matawi mazito ya mti ulioegemewa na ulingo, ili kichwa chako kisichoreke dhidi ya anga, pamoja na kofia na glovu, kwa kuwa uso na mikono ndivyo ving'aavyo.

Jambo la usalama linahitaji uzito wake. Risasi ya bunduki ya ayala husafiri kilomita kadhaa isipozuiwa, na kutoka kwenye ulingo mfupi haielekei ardhini kwa mteremko mkali kama kutoka juu ya ule mrefu. Kwa hiyo ulingo wa namna hii uwekwe tu mahali penye mwinuko wa udongo nyuma ya kila njia utakayopigia, na pasipo na mwinuko usiwekwe hata kama ayala wanapita hapo kila jioni. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na bidhaa haikugusa suala hili hata kwa neno moja, na hilo nimemwandikia muuzaji. Bunduki itolewe risasi kabla ya kupanda na kabla ya kushuka. Mkanda unaofunga ulingo kwenye mti ukaguliwe kila mara, kwani jua huuchosha, na mti hunenepa na kuyumba.

Kwa asiye na msumeno, au asiye na siku nzima ya kazi, ulingo wa karakana ile ni mbao nzuri kwa bei ya haki, mradi aombe uletwe bila egemeo kupigiliwa na atenge pauni 10 nyingine kwa ubao mpana wa kukalia. Mwenye msumeno na paleti mbili ajenge wake, akipima kwanza, akiwa amekaa kitini nyumbani na bunduki tupu begani, umbali kutoka kitini hadi chini ya mtutu.