Kozi ya aya na vitenzi kwa wanaoandika ripoti: maoni ya mhudumu wa afya ya jamii

Nilijiunga na kozi hii kwa sababu ripoti zangu husomwa na mtu mwenye haraka. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii: natembelea wagonjwa majumbani, kisha naandika nilichokiona ili muuguzi wa kituoni aamue nani aitwe leo na nani asubiri. Wengi wao hajawahi kuwaona kwa macho, anawajua kwa sentensi zangu tu. Kwa hiyo kozi nimeipima kwa swali moja: aliyemaliza kusoma aya yangu atajua la kufanya?

Upande wa vitenzi, jibu langu ni ndiyo bila kusita. Upande wa aya kozi ni nzuri ila fupi mno, na ina kanuni moja ninayoipinga.

Kozi husomwa kwenye simu. Kila somo lina maelezo mafupi na zoezi la kuandika, na zoezi hilo husahihishwa na mhariri ambaye ni mtu, si programu. Hili ndilo lililonivutia zaidi. Mhariri hapigi mstari mwekundu akaondoka. Anakuuliza swali ambalo msomaji wako angeuliza. "Nani alimpa?" "Bado amelala au ameshaamka?" Ukijibu swali, sentensi inajirekebisha yenyewe.

Somo la nyakati ndilo moyo wa kozi. Tunaozungumza Kiswahili tangu utotoni huzitumia nyakati bila kuzifikiria, na pengine ndiyo sababu tukishika kalamu tunazichanganya. Somo linaweka sentensi nne mbele yako: mtoto anaharisha, mtoto ameharisha, mtoto aliharisha, mtoto huharisha. Kisha linauliza ungekimbilia nyumba ipi kwanza. Ya kwanza inasema hali inaendelea sasa hivi. Ya pili inasema imeshatokea na matokeo yake bado yapo. Ya tatu inazungumzia jambo lililopita. Ya nne ni mazoea, na mtoto wa namna hiyo anahitaji uchunguzi wa aina nyingine kabisa. Mtoto ni yule yule na kitenzi ni kile kile, lakini silabi moja inabadilisha safari ya mtu mzima na mkoba wake.

Ukanushaji umefundishwa vizuri zaidi, na kwangu hiyo ni sehemu inayotosha kumfanya mtu ajiunge. "Hajanywa dawa" maana yake muda bado upo, mtu anaweza kumkumbusha. "Hakunywa dawa" maana yake dozi ile imepita. Katika ripoti nyingi za kazi zinazopita mikononi mwangu maneno haya mawili hubadilishana nafasi kana kwamba ni pacha. Muuguzi anayesoma "hajanywa" atapiga simu nyumbani. Anayesoma "hakunywa" atafungua jedwali la dozi aone la kufanya kwa dozi iliyorukwa.

Kozi pia inagusa kitenzi kinachoonyesha nani amemfanya nani atende. "Mtoto amekunywa dawa" na "mama amemnywesha mtoto dawa" si habari moja. Ya pili inaniambia mtu mzima alikuwapo, alishika kijiko, na ndiye wa kuulizwa kama mtoto aliitema.

Halafu kuna somo la kuyafukuza majina yaliyokalia viti vya vitenzi. Hapa nilifurahi sana, kwa sababu ugonjwa huu umeenea maofisini. "Zoezi la ufuatiliaji wa unywaji wa dawa kwa mgonjwa lilifanyika." Tafuta mtu ndani ya sentensi hiyo, hayumo. Tafuta tendo, limefichwa ndani ya "ufuatiliaji" na "unywaji", na kitenzi pekee kilichobaki, "lilifanyika", hakisemi lolote. Kozi inakutaka uulize nani alifanya nini, ndipo unapata: "Nilihesabu vidonge vya mgonjwa, viwili vimebaki zaidi ya inavyotakiwa." Hapo ufuatiliaji umeonekana kwa macho. Mazoezi ya somo hili ni mengi na yamechaguliwa na mtu anayezijua ripoti: kufanya ukaguzi, kutoa maelekezo, kuwa na uhitaji wa, katika suala zima la. Unayarudisha moja moja kuwa kukagua, kuelekeza, kuhitaji, na lile la mwisho unalifuta tu.

Sasa kanuni ninayoipinga. Kozi inasema kauli ya kutendwa iepukwe kila inapowezekana. Sababu yake naielewa. "Dawa ilitolewa saa mbili usiku" ni sentensi ya hatari, maana haisemi ni mama aliyeitoa, au jirani, au kaka mkubwa, na kama dawa imetolewa mara mbili na watu wawili, hapo ndipo tutakapokwama. Katika sentensi kama hiyo nakubali kabisa: taja mtendaji.

Lakini kuigeuza kuwa sheria ya jumla ni kuupa mgongo uwezo mkubwa wa lugha yetu. Tuna "amefiwa na mumewe". Mtu aseme vipi hilo kwa kauli ya kutenda bila kumwondoa mjane kwenye sentensi? "Mumewe amekufa" inamweka marehemu mbele, ilhali mimi naandika habari za mjane: hali chakula, halali, ana mtoto wa kunyonyesha. Vivyo hivyo "mtoto ameumwa na nyoka mguuni". Mhariri aliniwekea alama hapo, akapendekeza "nyoka amemuuma mtoto mguuni". Sentensi yake ni sahihi. Tatizo ni aya. Sentensi zinazofuata zote ni za mtoto: amevimba, analia, hawezi kukanyaga. Nikimwanzisha nyoka, msomaji anamwangalia nyoka, kisha anageuzwa ghafla kumtazama mtoto. Kauli ya kutendwa inamwacha mtoto palepale mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimwandikia mhariri hoja hii, naye akaikubali, ila somo lenyewe limebaki kama lilivyokuwa. Natamani walibadilishe, maana hapo hasa ndipo somo la vitenzi linapokutana na somo la aya: kitenzi kinachaguliwa kwa kumtazama yule ambaye aya inamhusu.

Kauli ya kutendeka imepitiwa juu juu. Ilistahili zaidi. "Chandarua kimechanika" ni kauli ya haki pale ambapo hakuna anayejua nani alikichana. "Dawa zimeharibika" haitoshi, kwa sababu nataka kujua kama ni jua, maji au muda wake umepita. Kitenzi cha namna hii kinaonyesha hali na kunyamaza kuhusu chanzo, na mwandishi anapaswa kujua lini ukimya huo unafaa.

Somo la aya linaanza na historia fupi, na niliipenda. Waandishi wa Kigiriki wa kale waliandika herufi mfululizo bila nafasi kati ya maneno, na mahali jambo lilipobadilika walichora kistari pembeni. Katika Zama za Kati ikatumika alama ya ¶, mara nyingi kwa wino mwekundu. Mwaka 1866 Mskoti Alexander Bain alichapisha kanuni za aya, mojawapo ikitaka sentensi ya kwanza ionyeshe mada waziwazi, nyingine ikitaka aya iwe na lengo moja. Kwa anayeandika ripoti, kanuni hizo mbili zinatosha kwa kuanzia.

Mfano wao ni wa nyumbani kwa mgonjwa, nami nimeubakiza karibu na meza yangu: "Kidonda cha bibi kinahitaji kuonwa leo. Alijikwaa wiki iliyopita, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Leo nimekifungua: kingo zimekuwa nyeusi na kinatoa usaha." Uamuzi umewekwa mbele, kisha yaliyopita, kisha yaliyopo. Tazama "-ka-" inavyofanya kazi ya kushona: akakifunga, akaendelea. Hakuna "halafu", hakuna "baada ya hapo", na bado mpangilio wa matukio hauwezi kueleweka vibaya. Kisha "nimekifungua" inatuleta kwenye sasa, na msomaji anajua kwamba kinachofuata ndicho kilichoonekana kwa macho. Habari ya chandarua cha bibi, hata kama ni ya kweli na ni muhimu, ina aya yake chini.

Baada ya mfano huo mzuri, somo linaisha upesi. Hakuna zoezi la kupasua aya ndefu iliyochanganya mambo, na hilo ndilo zoezi ambalo wengi wetu tunalihitaji, kwa sababu ziara moja huzaa habari za kidonda, za chakula, za maji na za ugomvi wa ndugu kwa pamoja. Hakuna pia neno kuhusu aya inayofuata nyingine: nini kiwe mwisho wa hii ili ile ishike.

Ushauri wao juu ya "amba-" nao unahitaji tahadhari. Wanasema "mgonjwa ambaye alianguka" iwe "mgonjwa aliyeanguka", na ni kweli inasomeka kwa wepesi. Lakini kwenye wakati wa "-me-" njia hiyo haipo. "Mgonjwa ambaye ametapika" lazima ibaki hivyo. Kozi haisemi hili, na mwanafunzi mtiifu anaweza kuishia kuandika "aliyetapika" akapoteza habari kwamba matapishi bado yako sakafuni.

Kozi inafaa kwa yeyote anayeandika ili mwingine atende: wahudumu kama mimi, walinzi wa zamu, makatibu wa vikundi, wasimamizi wa stoo. Anayetaka kuandika hadithi atafute kwingine. Na ukijiunga, usifuate mpangilio wao. Wameliweka somo la nyakati mwishoni, baada ya aya. Lianze hilo, hasa ile sehemu ya "hajanywa" na "hakunywa", kisha rudi kwenye aya ukiwa na vitenzi vyako tayari mkononi.