Nimelipia kupangiwa malengo, na hakuna aliyeniuliza ninataka nini

Nimeweka nyota moja. Mwanzo niliweka mbili, nikaikumbuka ile risiti, nikaondoa moja.

Ni kile kituo cha mazoezi ya viungo karibu na stendi. Jina silitaji, wanaopita njia ile wanakijua. Mimi nilipata kiharusi mwaka juzi, muda mfupi baada ya Idi. Ulioondoka ni upande wa kulia. Mguu ulirudi mapema, nikawa natembea kwa kujishika ukutani, lakini mkono ulibaki unaning'inia kama wa mtoto aliyelalia begani. Waliponiruhusu hospitali wakaniambia nisichelewe kuanza mazoezi, maana miezi 3 ya mwanzo ndiyo mwili unarudisha vitu kwa kasi. Basi mwanangu akanipeleka, bajaji kwenda, bajaji kurudi.

Tukapokelewa na kijana, ndevu hata hazijakaa sawa. Shikamoo hakuna. Nikasema haya, labda kazi zimemzidi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mwanangu. "Anaweza kula mwenyewe? Anavaa mwenyewe?" Jamani, na mimi nimekaa pale pale! Kiharusi kilichukua mkono, ulimi ulikuwa mzito siku za mwanzo tu, na masikio hakikuyagusa. Mwanangu naye, Mungu amsamehe, anajibu.

Akaupima mkono. Nyanyua, sukuma, kunja. Akaandika 2. Nikauliza, 2 kati ya ngapi? "Tano," huku kalamu inaendelea. Lengo la muda mfupi: nguvu ya misuli itoke 2 ifike 3. Lengo la muda mrefu: mkono unyanyuke mpaka nyuzi 90. Nikamuuliza, nikifika hiyo 3 nitaweza kufanya nini? Akasema mkono utajinyanyua wenyewe, ila mtu akiukandamiza utashuka. Nikamwambia, sawa baba, mimi nataka kukuna nazi.

Akacheka. Sisemi alitabasamu, alicheka. "Mama, siku hizi watu wanatumia blenda. Na nazi ya pakiti ipo dukani."

Sikumjibu. Nimekaa kwenye mbuzi tangu nikiwa na miaka kama 7. Watoto wanne nimewasomesha kwa wali wa nazi na maharage, nikiwauzia mafundi wa gereji, na mafundi wale ukiwatilia nazi ya pakiti wanajua kabla sahani haijafika nusu. Yeye anatafuta nyuzi 90. Nyuzi 90 zinapikwa na nini?

Tulipotoka nikapewa risiti. Tathmini, bei yake. Mazoezi, bei yake. Na mstari wa tatu: Upangaji wa malengo. Na wenyewe una bei! Nimeitunza ile karatasi kwenye Msahafu, na hilo najua si mahali pake.

Niliendelea kwenda kwa sababu mwanangu alishalipia kwa mwezi. Mkono juu ya taulo, telezesha mezani mbele, rudisha. Kuna ubao wa matundu 9 na vijiti 9, unavitia kimoja kimoja huku mtu anakuhesabia muda kwenye simu. Siku ya kwanza nilishika kimoja, kikaangukia chini ya kabati, tukaacha.

Halafu siku moja kijana hakuwepo, nikamkuta dada mmoja mtu mzima kidogo. "Shikamoo mama. Huu mkono, kabla hujaugua, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nililia pale pale, naona aibu hata kuandika.

Nilipomwambia nazi hakucheka. Akasema nionyeshe. Nikakuna hewa kwa mkono wa kushoto, yeye anatazama kiwiko, anatazama kiganja, anatazama vidole. Akaniuliza kama nyumbani kuna kifuu, nikasema nyumba ya Mswahili itakosa kifuu? Akaandika, na akanisomea: baada ya wiki 4, mama akae mezani ashike kifuu kitupu kwa mkono wa kulia, dakika 2, bila kukiangusha. Akaniambia nijipe alama, 1 mpaka 10, ninavyoweza sasa na ninavyoridhika. Nikampa 1 na 1.

Na mengine aliyonambia ilibidi niambiwe siku ya kwanza. Kila aliyekuja kuniona alileta mpira wa kuminya, ninayo mitano. Akasema mkono wangu kufumba unajua, uliosahau ni kufumbua, nijizoeze kukiachia kifuu kama ninavyojizoeza kukishika. Akauliza nani ananiinua kitandani. Mpwa wangu, nikasema, ananivuta mkono. Uso ukambadilika. Bega lililolegea halivutwi, linaachia. Kumbe yale maumivu ya usiku!

Wiki 4 zilipofika kifuu kilikaa. Kuweza nikajipa 4, kuridhika 8. Akashangaa ile 8. Nikamwambia wewe hukuniona nilikotoka.

Sasa niseme ukweli, maana nisije nikaonekana nina chuki. Yale mataulo ya kijana yalisaidia. Mkono usingeanza kujinyanyua, kifuu ningekishika na nini? Kazi anaijua. Nilipofika hapa nikataka kuongeza nyota, hata tatu.

Lakini juzi nimekuna. Kipande kimoja cha nazi, mwanangu ameishika mbuzi isicheze, machicha makubwa makubwa kama ya mtoto anayejifunza, na kukamua tui nikakamua kwa kushoto. Nikapita kituoni kumwambia dada. Nikaona nimuulize na mtu wa malipo kama ile hela ya malengo ya siku ya kwanza inarudi, kwa kuwa yale hayakuwa malengo yangu. Akaniambia mfumo hauruhusu. Hakuinua hata macho.

Nyota moja inabaki.

Dada anakuwepo Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mkiangukia kwa kijana, mgonjwa akae kiti cha mbele, aliyemsindikiza asubiri nje.