Uzoefu wangu: siku moja Kakku, pagoda elfu mbili na ushee na kilemba kilichonishinda

Naanza na malalamiko, maana ndiyo niliyoanza nayo siku yenyewe. Wakala aliyeniuzia safari ya Kakku, uwanja wa pagoda (minara ya ibada ya Wabudha) huko Myanmar, Burma ya zamani, alisema kila kitu kimo: gari, dereva, kiingilio. Ilikuwa pale Nyaungshwe, karibu na ziwa Inle. Tulipofika mji wa Taunggyi dereva akasimama mbele ya ofisi ndogo, akaniashiria nishuke. Kumbe kiingilio hakijalipwa, na mgeni haruhusiwi kwenda Kakku bila mwongozaji wa Kipa-Oh, kabila la huko. Ni ardhi yao na wao ndio wanaoisimamia. Nikatoa kyat zangu huku nimevuta mdomo. Hela si nyingi, ila nani anapenda kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mwongozaji niliyepewa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, koti jeusi, sketi ndefu nyeusi, kichwani kilemba cha mirabaraba ya rangi ya chungwa. Akaniita "ama", yaani dada mkubwa. Kule watu huitana kwa udugu kama sisi tu, hata kama mmekutana sasa hivi. Akakaa kiti cha mbele, akageuka nyuma, na badala ya kunihutubia akaanza kunihoji: Tanzania iko upande gani? Mnalima nini? Nimefuata nini huku peke yangu?

Nikamwambia babu mzaa mama alinitangulia. Alikuja mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia, akiwa keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, na mpaka anaingia kaburini nchi hii aliiita Bama. Hakufika huku jimbo la Shan; Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka na bonde la Kabaw, mbali magharibi, tena wakati wa mvua kubwa. Kwa babu Burma yote ilikuwa matope na mbu. Mimi nilitaka kuiona ikiwa kavu, ndiyo maana nilienda Desemba (2019 hiyo). Binti akatafsiri kwa dereva, dereva akapunguza mwendo akanitazama kwenye kioo.

Kutoka Taunggyi ni saa moja na kitu. Udongo mwekundu, viazi, kitunguu saumu, baridi ya asubuhi. Ungesema uko Njombe, isipokuwa nyati wanaswagwa na watoto kama ng'ombe. Tulisimama kijiji kimoja ambacho hakimo kwenye ratiba yoyote. Chini ya banda mama mmoja alikuwa anapanga majani ya thanatpet yaliyokwisha kaushwa, moja juu ya jingine, mabapa kama kurasa. Ndiyo majani yanayoviringiwa sigara nene za kienyeji, na kwa kaya nyingi za Wapa-Oh ndiyo hela ya ada na ya dawa. Akanimiminia chai ya kijani bila sukari. Nikatafuta sukari kwa macho, wakacheka wote.

Sasa Kakku yenyewe. Hesabu wanayokupa ni pagoda 2,478, na nilidhani ni chumvi za watalii mpaka niliposimama pale. Zimepangwa safu kwa safu, zimebanana kiasi kwamba kwingine unapita kwa ubavu. Katikati kuna mnara mkuu, kama mita 40. Simulizi zinaurudisha mwanzo wake hadi kwa mfalme Ashoka wa India, nyingine zinamtaja Alaungsithu wa Bagan, karne ya 12. Zilizo nyingi zilijengwa karne ya 17 na ya 18. Kwenye kuta kuna wacheza ngoma na malaika wa chokaa, baadhi hawana pua, wengine wamepakwa upya mpaka wanang'aa kupita kiasi. Mimi niliwapenda wasio na pua.

Lakini kilichoniweka pale saa mbili nzima ni sauti. Kila kilele kina mwavuli wa chuma wenye vikengele. Upepo ukianza upande mmoja wa uwanja unausikia unakuja, kengele kwa kengele, unakupita, unaishia ng'ambo. Ukitulia, kimya.

Mlangoni kuna sanamu ya nguruwe mwitu, ya dhahabu. Mimi Mwislamu nikasita kidogo, binti akaliona hilo, akaeleza: wanasema nguruwe ndiye aliyefukua na kuonyesha pagoda ya kale iliyokuwa imefunikwa, na jina Kakku limetokana na maneno yenye maana ya "msaada wa nguruwe". Basi tukampita kwa heshima zake.

Viatu unavua, na soksi pia. Asubuhi vigae ni barafu, saa saba ni kikaango. Nenda mapema.

Chakula tulikula ng'ambo ya barabara: tofu ya Kishan, ambayo si ya soya bali ya unga wa dengu, uleule wa bajia, na viazi vya kukaanga. Sawa tu, chumvi haba.

Hapo ndipo nilipouliza habari za kilemba. Kumbe Wapa-Oh husema mama yao wa asili ni joka na baba yao mganga mwenye uwezo wa ajabu; joka likataga mayai, wakatoka wao. Kilemba cha mwanamke kinafungwa ili kikae kama kichwa cha joka. Akavua chake, akanifunga mimi. Mara ya kwanza kiliniangukia machoni, mara ya pili mhudumu akaja kusaidia, mara ya tatu nikajaribu mwenyewe, mimi niliyefunga vilemba vya kanga tangu utotoni, na kikafumuka chote kwenye sahani ya viazi.

Nyota nne. Moja nimemkata wakala, si Wapa-Oh. Anayetaka kwenda ajue mambo yamebadilika: tangu mapinduzi ya Februari 2021 kuna vita katika jimbo la Shan, na tetemeko la tarehe 28 Machi 2025 lilibomoa nyumba nyingi za ziwani Inle. Uliza kwanza hali ya barabara, tena uwaulize walioko huko, si anayekuuzia tiketi.

Kilemba nilinunua kimoja Taunggyi. Kipo kabatini, bado kimekunjwa alivyokikunja muuzaji.