Vidonge vya choo na kabati kutoka Kariakoo: harufu nyingi, kazi ndogo

Vidonge vyeupe na vya rangi vinavyouzwa kwa bei nafuu katika maduka ya Kariakoo kwa ajili ya vyoo na makabati ya nguo havitengenezwi kwa kemikali moja. Pakiti niliyoichagua ilitaja, kwa maandishi madogo mno, paradiklorobenzini, yaani pete ya benzini (atomi sita za kaboni zilizoungana kwa duara) iliyobeba atomi mbili za klorini. Huyeyuka ifikapo nyuzi joto 53 za Selsiasi, lakini hata katika joto la kawaida la chumba hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa kimiminika kwanza, na joto la Dar es Salaam huharakisha jambo hilo.

Chooni hakuna kinachosafishwa: harufu moja hufunikwa na nyingine, basi. Kabatini vina manufaa zaidi, kwa kuwa mvuke wake huua nondo na mabuu wao, ila kwa sharti kwamba ukusanyike kwa wingi ndani ya sanduku au mfuko uliofungwa barabara. Kabati lenye milango iliyolegea huuachia mvuke huo utoke na kuvutwa na waliolala chumbani. Isitoshe, nondo wa nguo hupenda sufu na hariri kuliko pamba, hivyo mwenye doti za kanga anapoteza fedha zake (udi ungemfaa zaidi, na kwa staha).

Kasoro kubwa ni lebo. Haikueleza kwamba mvuke huwasha macho na pua na huweza kuumiza kichwa, wala kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kemikali hii katika kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake katika vinukishi vya vyoo na vya nyumbani tangu 2015. Hapa kwetu vidonge hivyo vimepangwa karibu na pipi, navyo vinafanana nazo.

Tahadhari nyingine ni kwamba pakiti za jirani huwa za naftalini, kemikali nyingine ya kuzuia nondo, ambayo haina klorini lakini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe hizo. Ukitaka kuvitofautisha, tumbukiza kidonge katika maji yaliyokolea chumvi hadi isiyeyuke tena: naftalini huelea, paradiklorobenzini huzama.

Nitavitumia kwa sanduku la suti za sufu pekee, na suti zitaanikwa kwenye upepo kabla ya kuvaliwa.